Ndege wa Miwani wa Mzee Gathogo

Kwa miaka mingi, ukiuliza habari za Wangechi pale sokoni Giakanja, ungejibiwa, "Wangechi gani? Yule wa kuomba utando wa buibui?" Nilikuwa napiga hodi kwa watu wenye heshima zao, natoa kijiti chenye panda, naomba niruhusiwe kukizungusha kwenye pembe za ghala na kwenye choo cha nje. Wengine walicheka. Wengine walikasirika, kwa maana mwanamke wa kwetu akiambiwa kwake kuna buibui anasikia ameitwa mvivu. Mama mmoja alinifungia mlango, akaongea nami kupitia dirishani. "Ati umesikia kwangu ni kuchafu? Nani amekutuma? Ni mama mkwe wangu?" Nikamwambia nimetumwa na ndege. Jibu hilo halikunisaidia hata kidogo.

Nawaandikia nyinyi vijana wa klabu ya wanyamapori kwa sababu mwalimu wenu alinijia akasema mnataka kujua kazi ya kuzalisha ndege wadogo kizimbani. Nilimwambia mimi si mwandishi. Akasema niandike vile ninavyoongea. Basi mkichoka, mlaumuni yeye. Kizimba chenyewe msikitafute, hakipo. Waya zilitolewa, siku hizi pale pana mahindi, na mimi magoti hayanifikishi mbali na meko.

Kabla sijaenda mbali, sikilizeni hili. Ndege wa porini hafugwi hivi hivi kwa sababu umempenda. Kuna sheria, na ni sheria nzuri. Mzee Gathogo, mwenye kizimba, alikuwa amefanya kazi ya kulinda msitu mpaka akastaafu, na alikuwa na kibali. Ndege wake waliletwa na askari wa wanyamapori, ambao waliwanyang'anya watu waliowatega kwa ulimbo, ile gundi ya utomvu inayopakwa kwenye vijiti. Ndege akitua hapo hang'oki. Akivutwa kwa nguvu, manyoya yanabaki, na mara nyingine bawa linavunjika. Mzee aliwatibu. Waliopona aliwaachilia. Waliovunjika wakabaki kwake, ndani ya kizimba kirefu cha waya alichokijenga kando ya jikoni, na ndani yake akapanda vichaka na mlokwati, ule mti wa matunda madogo ya manjano, wakawa wanaruka kidogo kidogo kutoka tawi hadi tawi.

Kulikuwa na shore, wale wenye kichwa cheusi wanaotuibia mapapai, na wengine wawili watatu. Lakini aliowapenda zaidi walikuwa wale wadogo wa rangi ya kijani na manjano, wenye pete nyeupe kuzunguka macho. Mnawajua. Hupita kwa makundi kwenye miti ya kwetu wakiongea wote kwa wakati mmoja. Sisi tuliwaita ndege wa miwani. Mzee naye alikuwa na miwani mikubwa ya kusomea, na alipowaangalia kwa karibu alikuwa akiwaambia, "Haya, wenzangu, nani ameona vizuri leo?"

Jozi moja ilikuwa na jike aliyevunjika bawa na dume aliyepoteza vidole vya mguu mmoja kwenye ulimbo. Hao wasingerudi msituni kamwe. Mzee alinieleza siku ya kwanza aliponitoa kwenye kufua nguo za mke wake, Mama Kamau, akaniweka kwenye kizimba. "Hawa wawili wamefungwa maisha," akasema. "Lakini watoto wao hawajakosa kitu. Nataka watoto wao waende." Hilo ndilo alilolitaka, na alilitaka kwa miaka mingi kuliko vile mtu angetarajia kwa mzee mwenye shamba, ng'ombe na wajukuu.

Sasa kazi yenyewe. Ndege hawa hawali mtama. Mdomo wao ni laini na chakula chao ni laini. Ndizi mbivu, papai, lokwati wakati wake, na yai lililochemshwa likapondwa pamoja na karoti iliyokunwa. Chakula cha asubuhi kisikae mpaka mchana. Papai likianza kuchacha, ndege anaharisha, na kabla hujajua anaumwa nini ameshaanguka. Sahani zinaoshwa kwa maji moto bila sabuni. Ukiingia, usinyate. Mzee alinikaripia kwa hilo zaidi ya mara moja. "Ndege haogopi kelele, anaogopa mtu anayekuja kama paka. Imba!" Basi nikawa naimba nyimbo za kanisani kila ninapoingia, na nilivaa aproni ileile ya bluu kila siku, kwa sababu siku niliyobadilisha nikavaa nyekundu, waligonga waya mpaka nikatoka nje kuibadilisha.

Mzee mwenyewe alikosea sana, na hakuona haya kusimulia. Msimu mmoja wa baridi ya Julai aliwaonea huruma akaingiza jiko la makaa ndani, akafunika kizimba kwa turubai ili joto lisitoke. Mama Kamau ndiye aliyeona ndege wamelala chini kama maembe yaliyopukutika, akalipasua turubai kwa kisu cha jikoni. Wengi waliamka. Tangu siku hiyo, kila Mzee alipojifanya anajua sana, mkewe alimuuliza kama anataka aletewe jiko.

Kosa lililomsumbua zaidi lilikuwa la chakula cha makinda. Ile jozi ilikuwa ikijenga, inataga, inaatamia, mayai yanaanguliwa, halafu siku ya pili au ya tatu unakuta makinda wametupwa chini, wangali wekundu, wazima bila jeraha. Mzee alidhani jike ana wazimu. Alidhani ni nyoka. Alimshuku hata shore. Ilimchukua misimu kadhaa kuelewa kwamba mzazi hamlishi mtoto papai. Kinda anataka mdudu, tena mdudu mdogo kuliko punje ya wimbi, na anamtaka kutwa nzima. Mzazi akitafuta wadudu akakosa, anaamua huyu mtoto hataishi, anamtoa. Huo si ukatili. Ni akili ya kiumbe aliyefungiwa mahali asipoweza kwenda kutafuta.

Hapo ndipo tulipoanza mambo yaliyotufanya tuchekwe. Tuliweka ndoo za ndizi zilizooza kando ya kizimba, tukazifunika kwa wavu wenye matundu, na vinzi vidogo vya matunda vikawa vinapanda kama moshi na kuingia ndani kupitia waya. Harufu yake sitaielezea. Mama Kamau alikuwa akisema, "Gathogo, wageni wangu watafikiri kuna mtu ameoza hapa." Tuliacha viwavi na vidudu vyote kwenye upupu na majani ya kando ya waya. Nilikusanya majani ya sukuma wiki yenye wale wadudu wadogo wa kijivu wanaojaa upande wa chini, nikayaning'iniza ndani. Na kila jani nililoliomba, nilimuuliza mwenye shamba swali moja kabla sijalichuma. Lina dawa? Likiwa lina dawa, hata la juzi, nililiacha.

Kwa sababu hiyo sikuwahi kuchuma kwa Muthoni. Muthoni alikuwa jirani yetu, wa rika langu, rafiki yangu wa kanisani na wa kila mahali. Alilima sukuma ya kuuza sokoni, na sukuma yake haikuwa na doa. Alitembea na pampu ya dawa mgongoni vile wengine tunavyobeba watoto. Nilimtania, "Wewe na sukuma yako ya malaika." Naye ananijibu, "Na wewe na zako ziko na kutu, utazilisha nani?" Sikumweleza kwa kirefu. Tulikuwa tukicheka, mambo yanaishia hapo.

Utando wa buibui nao ulikuwa wa kujengea. Ndege wa miwani anajenga kikombe kidogo kinachoning'inia kwenye panda ya tawi, na anakifunga kwa utando. Ukimpa pamba, anaitumia, lakini kikombe kinalegea mvua ikinyesha. Utando unavutika na haukatiki. Nilikuwa nauzungusha kwenye kijiti kama mtu anayesokota uzi, kisha nakichomeka kijiti kwenye waya ndani. Jike aliyevunjika bawa alikuwa anapanda kwa miguu, tawi kwa tawi, mpaka kwenye kijiti, anajaza mdomo, anarudi. Niliweza kumtazama muda wote wa chai ya saa nne na chai ikapoa. Kwenye pembe za juu za kizimba pia tuliwaacha buibui waishi, akiba ya ujenzi.

Kuna jambo moja la Mzee ambalo vijana mtalicheka. Kwetu mtu hahesabu watoto wake kwa sauti, wala ng'ombe hawanyooshewi kidole wakihesabiwa. Wengi mmeyaacha hayo. Mzee alikwenda kanisani kila Jumapili, lakini hilo hakuliacha, na alilihamishia kwa ndege. Mara mbili alikuwa ameita watu waje waone makinda, na mara zote mbili makinda wakatupwa kesho yake. Akaweka sheria: kinda hatajwi mpaka afungue macho. Ukiulizwa kama wameanguliwa, unasema bado. Hata wakiwa watatu kwenye kiota wamepanua midomo, ni bado. Na mimi nikaishika sheria hiyo.

Mwaka ule mvua za masika zilikuja vizuri. Mzee alikuwa mgonjwa tangu mwanzo wa mwaka. Mwanzoni alikaa kwenye kiti kando ya kizimba amejifunika blanketi, akinielekeza kwa fimbo. Kisha kiti kikabaki peke yake, kwa sababu alilazwa hospitali ya Nyeri, na Mama Kamau akawa anakwenda kukaa naye. Jozi ile ilijenga mlokwatini. Kila jioni Mama Kamau alinipigia simu akampa Mzee, na Mzee, kwa sauti iliyokuwa imebaki kidogo, aliniuliza neno moja.

"Wametoka?"

"Bado, Mzee."

"Sawa. Lisha."

Nilisema bado mayai yakiwa mayai. Na walipotoka, nikasema bado. Ilikuwa bado ileile, kwa sauti ileile, kwa maana nilijizoeza isibadilike. Yeye hakuwa na njia ya kujua. Ndoo zilijaa vinzi, nilichuma majani mpaka mikono ikanuka sukuma usiku na mchana, na wale wazazi wawili vilema walilisha bila kupumzika. Siku ya pili ikapita. Ya tatu ikapita. Hakuna aliyetupwa. Nilikuwa naingia naimba, moyo unapiga kuliko wimbo.

Asubuhi moja nikachungulia kwa kioo kidogo tulichokifunga kwenye fimbo, nikaona macho. Watatu, wote wameyafungua, meusi na yanang'aa, na vijiti vya manyoya vimeanza kuchomoza mgongoni. Nilipiga simu papo hapo, sikungoja jioni. Mama Kamau alichukua muda kujibu. Nikamwambia, nacheka na kulia pamoja, "Mama, wametoka! Wametoka zamani, wamefungua macho! Mwekee Mzee sikioni, nitaweka simu karibu na kiota asikie!"

Kisha akasema, "Weka."

Niliinua simu kwa mkono mpaka mkono ukachoka. Dume alileta mdudu, makinda wakalia ile sauti yao nyembamba. Nikairudisha simu sikioni. "Amesikia?"

"Anatabasamu, Wangechi," akasema Mama Kamau. "Weka tena."

Nikaweka tena, mpaka simu ikakatika.

Kabla ya saa sita, mwana wao Kamau akanipigia kuniambia baba yake ametuacha. Nililia, sitawaficha. Nilikaa kwenye kile kiti chake nikalia kama mtoto. Lakini nilikuwa na kitu cha kujifariji. Nilisema moyoni, alisikia, akaridhika, akaenda. Sasa kazi yangu ni moja tu, watoto hawa waruke. Bado kidogo waote manyoya kamili, halafu siku moja watoke kiotani, na baadaye mlango ufunguliwe, waende vile Mzee alivyotaka.

Nyinyi mmekulia hapa, mnajua msiba unavyokuja nyumbani. Watu hawaji na pole peke yake. Wanakuja na panga, jembe, fagio na chokaa. Boma la marehemu linafyekwa, ua unapunguzwa, njia inasawazishwa, kwa sababu wageni watakuja kutoka mbali na jirani hataki waseme huyu mtu alikufa kwenye kichaka. Hiyo ni heshima ya kwetu na mimi siidharau. Nimefyeka kwenye maboma ya wengi.

Zikiwa zimebaki siku mbili hivi kabla ya mazishi, Mama Kamau aliniomba nimsindikize Nyeri kuchagua nguo za kumzika Mzee. Niliwalisha ndege mapema, nikahakikisha ndoo zinatoa vinzi, nikaenda. Sikumwachia mtu maagizo kwa sababu sikujua kuna mtu atakayeingia.

Tuliporudi alasiri, kutoka langoni nilisikia harufu. Boma lilikuwa limependeza. Nyasi zimekatwa hadi chini, mawe ya njia yamepakwa chokaa, watu wanapanga sufuria kubwa karibu na kizimba, ambako ndiko wangepikia wageni. Muthoni akanijia mbio, jasho usoni, pampu bado mgongoni, anatabasamu na kulia kwa wakati mmoja, vile mtu anavyofanya akiwa amechoka kwa upendo.

"Wangechi, kuja uone vile tumekutengenezea hii nyumba ya ndege. Ilikuwa na buibui mpaka aibu! Nimetoa yote na fagio. Na zile ndizi zimeoza tumemwaga, ndoo nimeosha na Omo. Nzi zingetusumbua kwa chakula, nikapiga dawa kwa hizo majani zote za kando. Lakini usijali, ndege sikupiga. Maji yao nilifunika na sahani isiingie."

Alikuwa ameyafunika kweli. Sahani safi, imewekwa taratibu juu ya bakuli la maji.

Niliingia bila kuimba. Jike alikuwa chini ya mlokwati, mdomo wazi, ndani ya mdomo wake kijiwavi kidogo cha kijani. Alikuwa amekitoa kwenye majani ya kando ya waya. Dume alikuwa amejifutua kwenye kona, hasogei. Nikachungulia kiotani. Wawili walikuwa wamekwisha. Wa tatu alinyanyua kichwa aliposikia waya, akafungua mdomo.

Muthoni alikuwa nje ya waya, anangoja. "Si imependeza?" akauliza.

Nikamwambia, "Imependeza. Asanteni sana."

Vijana wangu, mnaweza kuniuliza kwa nini. Niliitazama mikono yake. Ilikuwa na malengelenge ya fagio na panga. Tangu asubuhi hakuwa amekaa chini kwa ajili ya mzee ambaye hakuwa ndugu yake. Ningesema nini, na pale mbele ya watu wote? Na kama ningesema, jike angeamka? Nikakifunika kiota kwa mkono ili asione, nikamtoa yule mmoja nikamweka kwenye kofia ya sufu, nikamtia kwenye mfuko wa aproni, kifuani.

Nilimlisha kwa ncha ya unyasi. Kiini cha yai, wadudu wachache nilioenda kuwatafuta mbali, bondeni kabisa, kwenye shamba ambalo halijawahi kuona dawa. Kila alipolia nilisimama, hata nikiwa natafuta mboga za wageni au napokea pole. Watu walidhani nimeugua kifua kwa vile nilivyokuwa nashika hapo. Kumlisha kinda wa aina hii kwa mkono ni kazi ambayo hata Mzee hakuifaulu, nami nilijua. Lakini mdomo ulikuwa ukifunguka, na mdomo ukifunguka huwezi kukaa.

Alikufa asubuhi ya mazishi, tukiwa tunamenya viazi. Nilihisi kofia imekuwa nyepesi, sijui vipi, maana kinda hana uzito wa kupungua. Sikumtoa. Kulikuwa na watu kila mahali na sikuwa na pa kumweka.

Kwenye ibada Kamau alisimama akasoma maisha ya baba yake. Alisoma vizuri, alifika msituni, akafika kwenye ndoa, akafika kwenye ndege. Akasema baba alingoja miaka mingi ile jozi ipate watoto, na kwamba siku ile ya mwisho aliwasikia kwa simu, akatabasamu, akafunga macho. "Na hao watoto wako hapo nyumbani sasa hivi," akasema, akaonyesha kizimba. Watu wakapiga makofi. Muthoni, aliyekuwa ameketi nami, akanishika mkono kwa nguvu, machozi yanamtiririka. "Mzee amepata watoto wake," akaninong'oneza. Nami nikapiga makofi. Mkono mmoja ulikuwa unagonga mwingine, na kile kitu kidogo kilikuwa kifuani pangu.

Wakati wa kutupa udongo kaburini nilipita na wengine. Nilitupa udongo, na pamoja na udongo nikatupa ile kofia. Hakuna aliyeona. Ndivyo nilivyompelekea mmoja.

Hapa mwalimu wenu angetaka niseme jambo la kufundisha. Nitasema hili. Siku hizi mna vifaa ambavyo sisi hatukuwa navyo, wadudu waliokaushwa wanauzwa kwa pakiti, kamera ndogo inakuonyesha kiota ukiwa umelala kitandani kwako. Vitumieni. Lakini andikeni kwa herufi kubwa mlangoni kwamba dawa isipigwe karibu, na utando usifagiliwe. Mzee na mimi hatukuandika kwa sababu kila mtu aliyekuja alitukuta sisi wenyewe. Hatukufikiria siku ambayo tusingekuwepo sote wawili.

Wageni walipokwisha kutawanyika na turubai zimeshushwa, Muthoni alikuja kwa mlango wa nyuma amebeba kiroba. Alikuwa ametoka Othaya kumwona dada yake. Akakifungua mbele yangu kwa furaha. Majani ya sukuma, yamejikunja, upande wa chini yamejaa wadudu wa kijivu.

"Nimekuletea chakula ya wale watoto," akasema. "Dada yangu amenicheka, ati natembea na takataka mpaka Giakanja. Nikamwambia hii ni ya ndege ya Mzee."

Mimi, kwa mazoea ya miaka, mdomo ukatangulia. "Yana dawa?"

"Dada yangu atatoa dawa wapi? Yeye humwaga majivu tu." Kisha akanitazama. "Kwani dawa iko na shida kwa ndege?"

Nikainamia majani. Akakiweka kiroba chini. Akaenda kwenye waya, akaangalia mlokwati, akaangalia kiota, akamwona dume peke yake kwenye tawi.

"Watoto wako wapi?"

"Baridi," nikasema. "Mvua ilikuwa nyingi."

"Wangechi. Mimi nimeshika hiyo pampu tangu nikiwa msichana. Usiniambie ati baridi." Akaushika waya. "Ni mimi."

Nilimwambia hakujua. Nilimwambia mambo mengi. Hakunisikia. Alikaa chini kwenye udongo na nguo zake za safari, akashika kichwa. Baadaye akauliza, "Mama Kamau anajua?"

"Hajui."

"Basi nitamwambia."

"Usimwambie, Muthoni. Aliyesikia Mzee akisifiwa vile, umwambie nini?"

Aliinuka akaenda. Nilimfuata, kwa sababu sikutaka aingie peke yake. Mama Kamau alikuwa jikoni, amekaa kwenye kigoda, bado amevaa leso nyeusi kichwani, sufuria ya chai inachemka. Muthoni hakuketi. Alisimama mlangoni akasema yote: fagio, ndizi, pampu, sahani juu ya maji. Alisema hakuna hata kinda mmoja aliyebaki. Alisema Kamau alisoma uongo mbele ya watu kwa sababu yake.

Mama Kamau alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta kigoda kingine kwa mguu.

"Keti," akasema. "Na wewe Wangechi, keti. Nyinyi wawili mnanitazama kama nitawapiga."

Tukaketi. Akamimina chai vikombe vitatu, akaweka sukari bila kutuuliza, akashika chake kwa mikono miwili na hakukinywa.

"Kamau alisoma vile nilimwambia," akasema. "Si kosa yako, Muthoni. Hiyo uongo ni yangu." Akanigeukia. "Wangechi, ile siku ulipiga simu."

"Ndiyo, mama."

"Nilikuambia anatabasamu."

"Ndiyo."

"Alikuwa ameenda. Nesi alikuwa anamfunika shuka wakati simu ililia. Nilitaka kukuambia, lakini ulikuwa unacheka. Kutoka nianze kukujua sijawahi kusikia ukicheka hivyo. Nikashindwa." Nje, yule dume aliita mara moja. "Nikaweka simu kwa sikio yangu. Uliponiuliza nikakuambia weka tena, kwa sababu nilitaka tena. Nilikaa hapo kando yake nikawasikiza mimi, mpaka ikakatika."

Muthoni alikuwa amejifunika uso kwa leso yake. Mwishowe nikauliza kitu cha kijinga, kwa vile hakikunijia kingine. Nikauliza kama walisikika vizuri.

"Walikuwa na kasauti kadogo," akasema Mama Kamau. "Lakini walikuwa na njaa. Hiyo nilisikia."